Ada ya kufungua kesi inahesabiwaje, na je, mdai anaruhusiwa kuidai kwa aliyemdhulumu?

SWALI:

Naishi Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Nilitoa Sh 12,000,000 kwenye duara la mwenzangu. Tuliandikiana kuwa mawe yakitoka mtaji wangu utoke kwanza, kisha tugawane mifuko nusu kwa nusu. Mawe yalitoka, yakaenda karasha, dhahabu ikauzwa, mimi sikupewa kitu. Kwa hesabu ya daftari la karasha fungu langu la faida ni kama Sh 5,000,000. Pia alinikopa Sh 6,000,000 mbele ya mashahidi wawili. Sasa ni mwaka wa tatu. Kijana mmoja anayeandika hati amenishauri tudai Sh 250,000,000 pamoja na riba ya benki ili kesi iwe nzito, lakini ada ya kufungulia siiwezi. Ndugu wengine wananiambia kushitaki kwenye mahakama ya serikali ni haramu tangu mwanzo. Je, ada hii inahesabiwaje, ni halali kuilipa, na nikishinda naweza kuidai kwake?

JIBU:

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tunamshukuru ndugu yetu kwa swali lake, nalo si lake peke yake. Tulipopita upande wa Kahama kwa ajili ya darsa, maswali ya namna hii yalikuwa mengi kuliko ya twahara na swala. Ni ardhi ya dhahabu, na watu huungana mitaji kwa kuaminiana, wengi bila hata karatasi. Wewe umeandika, na hilo ni jambo kubwa. Aya ya deni katika Suratul Baqara ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na inahusu jambo hilohilo la kuandika na kushuhudisha.

Tuanze na hao waliokuambia kushitaki ni haramu. Sisi wa Zanzibar tuna Mahakama za Kadhi zinazotambuliwa na sheria, lakini hata huku kwetu mambo yake ni ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana nayo. Deni la biashara huenda mahakama za kawaida. Bara hakuna mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola. Basi aliyedhulumiwa mali afanye nini? Wanavyuoni wameruhusu mtu kuifuata haki yake pale ambapo hana njia nyingine ya kuipata, kwa sharti kwamba asichukue zaidi ya kile sharia inachompa. Sharti hili lishike vizuri, kwani ndilo litakalotuongoza katika hesabu ya ada.

Kabla ya mahakama, suluhu. Bila shaka mmekwisha kukaa na wazee, lakini kama hamjakaa mbele ya imamu au mwenyekiti wa kitongoji na kuandika kilichosemwa, fanyeni hivyo mara moja zaidi. Suluhu iliyoandikwa na kusainiwa haina ada, na mwenzako akikiri deni ndani yake, karatasi hiyo itakufaa hata akirudi nyuma baadaye.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Watu wengi hudhani ada ya kufungua kesi ni kiwango kimoja kwa wote, au ni jambo la kupatana na karani. Sivyo. Ada imewekwa na kanuni za ada za mahakama, ambazo kwa Bara zilitolewa upya mwaka 2018, na jedwali lake linapaswa kuonekana pale masijala. Namna inavyofanya kazi ni hii: kama unadai kiasi cha fedha kinachojulikana, au mali yenye thamani inayojulikana, ada hufuata thamani hiyo. Dai likipanda, ada nayo hupanda. Kama unachoomba hakina bei, mfano kuomba mahakama itamke kwamba mkataba fulani ni batili, basi kuna ada maalumu isiyotegemea thamani. Na ngazi ya mahakama nayo ina neno lake, kwani Mahakama ya Mwanzo ndiyo nyepesi kwa mwananchi wa kawaida kuliko Mahakama Kuu.

Kwa hiyo swali la "ada ni kiasi gani" haliwezi kujibiwa kabla ya maswali mawili: dai lako halisi ni kiasi gani, na linaangukia mahakama ipi.

Dai lako ni mtaji Sh 12,000,000, faida Sh 5,000,000 na mkopo Sh 6,000,000. Jumla Sh 23,000,000. Hapa tuseme neno la kifiqhi kidogo. Makubaliano yenu kwamba mtaji utoke kwanza katika kilichopatikana, kisha faida igawanywe nusu kwa nusu, ni katika mlango wa mudharaba na hayana tatizo. Lingekuwa tatizo kama mngeandika kwamba mtaji utarudi hata duara likitoka tupu; hapo ingekuwa mkopo wenye nyongeza, na faida ile tusingekuruhusu kuidai. Maadamu mawe yalitoka na dhahabu ikauzwa, mtaji wako na fungu lako ni haki yako. Ama Sh 6,000,000 za mkopo, ni Sh 6,000,000 tu, hata ingepita miaka kumi.

Kwa sheria ya mahakama za mahakimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba lisilozidi Sh 30,000,000, na kwa mali isiyohamishika hadi Sh 50,000,000. Mahakama ya Wilaya na ile ya Hakimu Mkazi hufika Sh 200,000,000 kwa mali inayohamishika na Sh 300,000,000 kwa isiyohamishika, isipokuwa mashauri ya kibiashara ambayo yana viwango vyake vya chini zaidi. Kinachozidi hapo ni cha Mahakama Kuu, nawe kwa upande wenu utaifuata Shinyanga mjini.

Dai la Sh 23,000,000 ni la Mahakama ya Mwanzo. Huko mdai husimama mwenyewe, anaweza kupeleka dai kwa maandishi au akalieleza kwa mdomo likaandikwa, lugha ni Kiswahili, na ada ni ndogo. Sheria ya mwenendo wa madai nayo inataka shauri lifunguliwe katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kulisikiliza. Yaani si suala la hiari kwamba mwenye fedha aruke ngazi kwa kuwa anapenda Mahakama Kuu.

Huyo kijana anayekuandikia Sh 250,000,000 ameipata wapi? Tunadhani amechukua Sh 23,000,000 zako, akaongeza riba, kisha akajaza pengo kwa "fidia ya usumbufu". Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kuliweka wazi jambo hili: kinachoamua uwezo wa mahakama ni dai la msingi, si fidia ya jumla. Fidia ya jumla, ile ya maumivu na usumbufu, ni ya hakimu kuikadiria mwenyewe akiona inafaa. Mdai hupaswi hata kuipangia bei. Ukiandika usumbufu wa Sh 227,000,000, unaweza kulipa ada, kusafiri hadi Shinyanga, kisha wakili wa upande wa pili akasimama siku ya kwanza na kuweka pingamizi kwamba shauri liko mahakama isiyo yake. Shauri likaondolewa. Ada imekwenda, nauli imekwenda, nawe unaanza tena mlango wa chini uliopaswa kuanzia.

Akisema ataiandika kama hasara mahususi ili aikwepe kanuni hiyo, hapo mtego ni mbaya zaidi. Hasara mahususi lazima itajwe moja moja na ithibitishwe kwa ukamilifu: stakabadhi, daftari, shahidi. Mifuko yako inathibitika kwa daftari la karasha na kwa wale vijana waliobeba. Sh 227,000,000 utazithibitisha kwa nini? Na ukiapa kwamba ni hasara uliyoipata nawe unajua hukuipata, huo ni uongo chini ya kiapo. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba yeye mwenyewe huhukumu kwa anachokisikia, na aliyepewa haki ya ndugu yake kwa ufasaha wa ulimi wake amekatiwa kipande cha moto. Hukumu ya hakimu haigeuzi haramu kuwa halali.

Wapo pia wanaofanya kinyume: hupunguza thamani ya dai ili walipe ada kidogo. Mtu ana kiwanja cha Sh 80,000,000 anaandika Sh 20,000,000. Hati ya madai inatakiwa kutaja thamani ya kinachobishaniwa kwa ajili ya mamlaka ya mahakama na kwa ajili ya ada, na thamani hiyo ikionekana si ya kweli utatakiwa urekebishe na ulipe kilichopungua, au shauri lianguke. Tena ni udanganyifu kwa hazina ya umma, na haupendezi kwa Muislamu anayesema anatafuta haki.

Tuseme na juu ya riba, kwa sababu hapa ndipo ndugu zetu wengi wanapoingia bila kujua. Mawakili wana kawaida ya kumalizia maombi yao kwa riba ya kiwango cha benki tangu deni lilipoiva, kisha riba ya mahakama tangu hukumu hadi malipo. Kanuni za madai zinataja 7% kwa mwaka kwa deni la hukumu, au kiwango kingine walichokubaliana wahusika kisichozidi 12%. Mwambie anayekuandikia aiondoe mistari hiyo. Ni ombi lako, na mdai halazimishwi kuomba asichokitaka. Mahakama ikikupa bila ya wewe kuomba, chukua chako na nyongeza muachie mdaiwa. Tunajua kuna atakayesema shilingi ya miaka mitatu iliyopita si ya leo. Ni kweli, na inauma, lakini deni la fedha hulipwa kwa idadi yake.

Ama uhalali wa ada yenyewe. Asili katika fiqhi ni kwamba kadhi hulipwa kutoka Baitul Mali na mlango wake uko wazi kwa masikini na tajiri. Lakini wanavyuoni wetu wa madh-hebu ya Shafii walikwisha kuzungumzia gharama za pembeni: karatasi na mwandishi, ambazo kama Baitul Mali haikuzitoa huwa juu ya yule anayetaka kuandikiwa, na ujira wa mjumbe anayekwenda kumwita mshitakiwa, ambao huwa juu ya mdai, ila mshitakiwa akikaidi kuja basi hugeuka kuwa juu yake. Ada ya mahakama inayolipwa serikalini kwa stakabadhi iko karibu na mlango huu. Kuilipa ni halali, na si rushwa. Rushwa ni ile inayotolewa mkononi ili faili "lisogee" au ili hakimu "akuelewe", na Mtume (s.a.w.) amewalaani mtoaji na mpokeaji wote wawili. Tofauti ni rahisi kuijua siku hizi: ada halali hutolewa namba ya malipo ya serikali, unalipa benki au kwa simu, na stakabadhi inatoka kwa jina lako. Ukiombwa fedha isiyo na namba ya malipo, si ada. TAKUKURU wapo kwa ajili hiyo.

Na tuseme wazi kuwa mfumo wa ada kufuata thamani una ugumu wake katika sehemu kama Bulyanhulu. Mtu anaweza kuwa na haki ya mamilioni mengi ndani ya ardhi au ndani ya duara, na mfukoni hana nauli ya kufika Kahama. Thamani ya dai si kipimo cha uwezo wa mdai. Kwa ajili hiyo kanuni zimeacha mlango: asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe ada, akieleza hali yake, na barua ya serikali ya kijiji itamsaidia. Ipo pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria walioko mitaani na vijijini, na tangu mwaka 2023 kuna kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani. Kuomba msamaha wa ada si aibu. Lakini mwenye uwezo asijifanye masikini.

Kabla hujalipa chochote, hakikisha pia kwamba mgogoro wako ni wa mahakama, kwani mengi ya hapo Kakola hayaanzii huko. Wazee wanakumbuka mwaka 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa eneo la mgodi na shauri kufika Mahakama Kuu Tabora, mbali na maduara yenyewe. Tangu hapo mtu akisikia "kesi" anawaza Mahakama Kuu tu. Mgogoro wa kazi, awe mfanyakazi wa mgodi au wa mkandarasi, huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Tume haitozi ada ya kupeleka mgogoro. Ila muda wake ni mfupi mno: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Baada ya mgomo wa Oktoba 2007 pale mgodini, wengi walijifunza kwamba ajira hupotea kwa siku moja na madai yake huchukua miaka. Basi asizichezee zile siku 30 kwa kutafuta fedha za ada ambayo haipo. Ugomvi wa nani ana haki ya kuchimba wapi, au mpaka wa duara na duara, hupelekwa Tume ya Madini, mkianzia ofisi ya Afisa Madini Mkazi Kahama. Mgogoro wa shamba au kiwanja huanzia baraza la kata kwa usuluhishi, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30 ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na mirathi ya Muislamu huko Bara hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina uwezo wa kufuata sharia ya Kiislamu. Lako ni deni la mkataba, kwa hiyo Mahakama ya Mwanzo ni mahali pake.

Jambo moja kuhusu muda. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mapema miaka ya 1990 kwamba tarehe ya kufungua shauri ni ile ya kulipa ada, si ile ya kupokewa makaratasi masijala. Tuliletewa habari ya ndugu mmoja aliyekabidhi makaratasi yake Ijumaa, siku ya mwisho, akaenda kutafuta fedha kwa jamaa, akalipa Jumanne. Aliambiwa amechelewa, na haki yake ikafungwa na kalenda. Siku hizi makaratasi hupelekwa kwa mtandao na kumekuwa na mabishano ni tarehe ipi ihesabiwe. Usijiingize humo. Lipa siku ileile unayopata namba ya malipo. Kwa sheria ya ukomo, madai ya mkataba ni miaka 6, madhara yasiyo ya mkataba mengi yake ni miaka 3, na ardhi ni miaka 12. Wewe uko mwaka wa tatu, una nafasi, lakini mashahidi husahau na daftari la karasha huliwa na panya.

Lililobaki ni la kuidai ada kwake ukishinda. Kisheria, kawaida aliyeshindwa hubeba gharama za aliyeshinda, ila hakimu akiona sababu ya kuamua vinginevyo. Kisharia pia inaruhusiwa katika hali kama yako. Mtume (s.a.w.) ameihesabu kuwa ni dhulma tabia ya mwenye uwezo kuchelewesha deni. Na tumekwisha kutaja kauli ya wanavyuoni wa Shafii kwamba anayekaidi kuitikia wito hubeba ujira wa mjumbe. Ibn Taymiyya naye amesema mdaiwa mwenye uwezo akichelewesha mpaka akamlazimisha mwenye haki kushitaki, basi alichogharimika kwa kawaida ni juu yake. Neno "kwa kawaida" lina uzito. Ada ya mahakama, nauli ya mashahidi, gharama ya kupeleka wito: hayo dai. Hoteli ya kifahari na soda za marafiki waliokusindikiza, hapana. Na kama mwenzako kweli ameishiwa, duara la pili limemla na hana kitu, basi hukumu inabadilika. Huyo anapewa muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora kwako.

Kwa hiyo weka kila stakabadhi kwenye bahasha moja, andika tarehe nyuma yake. Nenda na mkataba wako, majina ya mashahidi wawili wa mkopo, na nakala ya ukurasa wa daftari la karasha. Mwambie karani dai lako ni Sh 23,000,000 pamoja na gharama za shauri, bila riba, na umwombe akuoneshe mstari wa jedwali unaohusu kiasi hicho kabla hajakupa namba ya malipo.

Wallahu a'lam.